Lifti ya magari ya pamoja iwe na msimamizi



Natoa rai kwa mafundi wenzangu. Gerejini kwetu tulichangishana tukanunua lifti ya magari ya nguzo mbili. Imetupunguzia adha ya kulala chini ya jeki, lakini mali ya wote mara nyingi hukosa mwangalizi.

Mwezi uliopita kijana mmoja alipandisha gari aina ya Noah, akaingia chini kushusha gia boksi. Mkono mmoja wa lifti ulikuwa umeshika ukingoni tu, na mpira wake umelika. Gari likayumba. Tulimvuta kwa ovaroli; magoti yangu yalitetemeka hadi jioni.

Tufuate haya kila siku. Tusome uzito ulioandikwa kwenye lifti. Mikono yote minne ikae pale mtengenezaji wa gari alipoelekeza. Magurudumu yakiacha ardhi kidogo, tulitikise gari kwanza. Likifika juu, tulishushe kidogo hadi likalie loki, kwa sababu haidroliki peke yake si ya kuaminiwa. Tena ukitoa injini au gia boksi, uzito unahama. Weka stendi ndefu kabla ya kulegeza nati.

Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Tusisubiri mkaguzi. Tuteue msimamizi, tuweke daftari la ukaguzi, na asiyefundishwa asiguse swichi. Gari likiharibika hutengenezwa. Uhai wa fundi hauna spea.

Fundi magari,
Dar es Salaam