Ufunguo wa kabati uko kwa nani?

Mwaka jana, nilipokuwa natayarisha kazi yangu ya kumaliza masomo, nilirekodi sauti za wazee kumi na mmoja katika komini za Kenya na Katuba, hapa Lubumbashi. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, mmoja alikuwa mtu wa reli. Nilitaka kujua namna wanavyotamka irabu katika maneno ya kazi, yale maneno ambayo baba zao walikuja nayo kambini kutoka Kasai, kutoka Lomami, na kutoka ng'ambo ya mpaka katika Rhodesia ya Kaskazini ya zamani. Nilirekodi kwa simu. Nilipofungua rekodi zangu katika programu ya Praat, nilisikia pikipiki, redio ya jirani na jogoo wa lupango la pili. Irabu zilikuwa chini yao.

Nikaambiwa kwamba fakilte moja mjini ina kinasa sauti kizuri pamoja na maikrofoni zake, vilivyobaki baada ya mradi fulani kumalizika. Nikaenda. Vilikuwepo kweli, ndani ya kabati la chuma lenye kibandiko cha mradi. Ufunguo ulikuwa kwa profesa mmoja, na profesa alikuwa Ulaya mpaka mwisho wa muhula. Katibu alinionyesha kabati kwa heshima, kama mtu anayemwonyesha mgeni kaburi la babu, kisha akaniambia nirudi baadaye. Tangu siku ile wawili kati ya wazee wangu wamefariki. Kilichobaki cha sauti zao ni hicho cha simu, pamoja na jogoo.

Simlaumu profesa. Jiwekeni mahali pake. Kifaa kilicholetwa na mradi hakina mwenyewe baada ya mradi kufa: kikipotea, yeye ndiye atakayeulizwa; kikiharibika, hakuna fungu la kukitengeneza. Nani asingekifungia? Hata mimi ningeweka kufuli mbili. Lakini jumlisheni makabati yote ya namna hiyo katika vyuo vya nchi yetu, mtaona kwamba hatuna tu uhaba wa vifaa. Tuna vifaa ambavyo Serikali haijawahi kuvikubali kuwa ni vyake, na kwa hiyo haviwezi kuwa vyetu.

Ndiyo sababu naomba jambo moja. Bajeti ya elimu ya juu iwe na fungu la vifaa vya utafiti vinavyotumiwa kwa pamoja na vyuo na fakilte mbalimbali, na fungu hilo lihesabu miaka ya matumizi kabla halijahesabu masanduku ya kununua. Tena sisi watu wa lugha tuwemo tangu mwanzo, tusiletwe mwishoni kupiga makofi siku ya kukata utepe.

Kuhusu masanduku, historia yetu inatosha kutufundisha. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kule Kinshasa ya leo, kiliwashwa kinu cha nyuklia kinachoitwa TRICO I, cha kwanza katika Afrika nzima. Nasi wa Katanga tunajua vizuri uhusiano wa Kongo na mambo hayo ulianzia wapi: Shinkolobwe si mbali na hapa. Mwaka 1972 kikafuata TRICO II, chenye nguvu zaidi. Kituo chenyewe kilipewa jina la kituo cha eneo zima, maana kilifikiriwa kuwa cha wengi, hata wa nchi jirani. TRICO II kimesimama tangu 2004. Sidai kinu kiwashwe tena; hilo ni la wenye kazi yao. Ninachoona ni kwamba jina la ushirika lilibaki mlangoni wakati mashine ndani imenyamaza.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, na una uchungu. Goma kuna Kituo cha Uchunguzi wa Volkano. Kwa miaka kadhaa kazi yake ilisaidiwa na mradi wa Benki ya Dunia, na mradi ukaisha mwaka 2020. Baada ya hapo kituo kilikaa miezi kadhaa bila fedha za kulipia intaneti, hata vipimo vilivyowekwa mbali mlimani havikuweza kuleta habari zake kama ilivyotakiwa. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Watu zaidi ya thelathini walikufa, na maelfu waliacha nyumba zao. Sisemi kwamba intaneti ingeuzuia moto, wala kwamba wataalamu wangeweza kutaja siku na saa. Nasema tu kwamba vipimo vilikuwepo, wataalamu walikuwepo, na kilichokosekana ni bili ya mwezi. Hakuna mfadhili anayependa kulipa bili ya mwezi. Haina picha ya kupiga.

Bili ni kazi ya Serikali hasa. Mgeni anaweza kujenga: kule Yangambi, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, umesimamishwa mnara wa mita 55 unaopima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka msituni, na hiyo ni kazi nzuri. Lakini mnara unahitaji mtu wa kuupanda mwaka wa kumi, na mwaka wa kumi mgeni huwa ameshahamia kwenye mradi mwingine.

Sasa nije kwetu, maana najua kuna wasomaji wanaojiuliza lugha inaingiaje katika habari za minara na vinu. Mhandisi mmoja rafiki yangu aliniambia kwa kicheko: “Ninyi mashine yenu ni mdomo.” Nikamjibu kwamba mdomo unakufa.

Fikirieni Kiswahili cha mji huu wenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha hapa. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, aliitoa kitabuni mwaka 1990. Yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliweka pia kwenye intaneti hifadhi ya maandishi na mazungumzo ya Kiswahili cha watu wa kawaida, sehemu kubwa ikiwa ni cha Katanga. Mimi nimeitumia hifadhi hiyo, na ninyi pia mmeitumia. Bila hiyo, memwari nyingi za fakilte yetu zingekuwa na kurasa chache. Nawashukuru. Ila ni ajabu kidogo kwamba mwanafunzi wa Katuba, akitaka kusikia au kusoma maneno ya babu wa jirani yake, anaomba ruhusa ya kupita Uholanzi, tena kwa megabaiti alizonunua kwa fedha ya bukari.

Wala si kwamba hapa hakukukusanywa kitu. Mwaka 1971, vyuo vilipounganishwa kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, masomo ya lugha na fasihi yaliletwa Lubumbashi. Mji huu ukawa makao ya CELTA, kituo cha isimu kilichoshughulikia lugha za nchi nzima. Watafiti wa kizazi kile walikwenda vijijini na vinasa sauti vya mikanda. Waalimu wetu wenye mvi wanajua kaseti zao ziko wapi: ndani ya katoni, chini ya kitanda, karibu na ukuta unaovuja wakati wa mvua. Mmoja alinipa tatu nizisikilize. Sikupata mashine ya kuzisikilizia. Niliuliza sokoni, nikapata redio moja ya zamani ambayo ilitafuna kaseti ya kwanza baada ya dakika nne, nikaacha. Kaseti mbili zilizobaki bado ninazo na sijathubutu kuzigusa.

Programu tunazohitaji ni za bure. Praat ni bure, ELAN ni bure. Kinasa sauti cha kwendea uwanjani si ghali kama darubini ya elektroni. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: basi jinunulieni. Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na naomba mnisikilize kwa makini. Kitu ambacho mtu wa isimu na mtu wa kemia wanaweza kushirikiana si ile mashine ya juu ya meza. Yeye ana ya kwake, mimi nina ya kwangu. Tunachoweza kushirikiana ni kile kisichoonekana: umeme usiokatika wakati wa delestaji, chumba kisichoingia vumbi wala maji, seva yenye nakala katika mji mwingine, intaneti inayolipwa kila mwezi, na fundi mwenye mshahara. Mwanajiolojia anahitaji hivyo vitano. Daktari anavihitaji. Mimi na kaseti zangu mbili ninavihitaji. Kila mmoja wetu akivitafuta peke yake, kila mmoja atanunua jenereta ndogo na kukosa mafuta mwezi wa pili.

Fundi ndiye ninayemsisitiza. Kila mara orodha ya mahitaji inapotayarishwa, mashine huandikwa ukurasa wa kwanza na fundi husahauliwa, au huandikwa kama “mtu wa kujitolea”. Fundi awe na namba yake ya matrikili, aingie katika orodha ya mishahara ya Serikali, na awe na cheo ambacho mtu anaweza kupanda. Na chumba kiwe na msimamizi mmoja anayejulikana kwa jina. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: kamati ya fakilte saba ikiachiwa ufunguo, ufunguo utarudi mfukoni mwa mtu.

Kuna pingamizi moja ambalo sitaki kulipita haraka. Mwalimu ambaye hajalipwa anayostahili, anayesahihisha karatasi mia tatu kwa mshumaa, ana haki ya kuniuliza kwa nini fedha ziende kwenye seva kabla ya kufika kwake. Auditwari ambamo wenzetu wanasimama dirishani ili wasikie ina haki ya kuuliza hivyo hivyo. Sina jibu la kuwafunga mdomo. Nina hili tu: mwalimu asiye na kifaa anaishia kufundisha noti za mwaka ule alipokuwa yeye mwenyewe mwanafunzi, na sisi tunaishia kuzinakili. Kwa namna hiyo fakilte inaendelea kuwepo lakini haijui jambo jipya. Mshahara na kifaa havigombanii kiti kimoja, na anayetuambia vinagombana mara nyingi ameshakaa kwenye kiti cha tatu.

Nchi zetu za Afrika, kupitia Umoja wao, zilijiwekea lengo la kutumia 1% ya pato la taifa kwa utafiti. Ni vizuri kulikumbuka, lakini kwa mtu wa Katanga kuna hesabu iliyo karibu zaidi na macho. Sheria ya migodi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inagawa mrabaha wa madini hivi: 50% kwa Serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mamlaka za mahali, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Malori ya shaba na kobalti yanapita mbele yetu kila siku kuelekea Kasumbalesa. Sijui kizazi kijacho kingekuwa nani kama si hawa walioko madarasani, na sioni kwa nini sehemu ndogo ya fungu la jimbo au ya mfuko huo isilipe chumba kimoja, paneli za sola, seva na mafundi wawili. Madini yatakwisha. Wachimbaji waliozungumza Kiswahili cha migodini wameanza kwisha kabla yake.

Wakati tukisubiri, kuna kitu ambacho hakihitaji saini ya waziri. Hatujui tuna nini. Nimeuliza katika fakilte nne, na hakuna hata moja iliyokuwa na orodha ya vifaa vyake ambayo mwanafunzi anaweza kuisoma. Basi nimeanza moja, katika daftari la kawaida, yenye safu nne: kifaa, mahali kilipo, kama kinafanya kazi, na nani ana ufunguo. Mpaka jana ilikuwa na mistari kumi na mitatu. Kinasa sauti cha kabati la chuma ni mstari wa pili. Mstari wa tisa ni mashine ya kusomea mikanda mikubwa, ambayo mhudumu mmoja wa ghala alinionyesha nyuma ya viti vilivyovunjika. Anasema ilikuwa inawaka, ila waya wake umechukuliwa.

Daftari liko kwa katibu wa jarida hili. Mwenye kujua kifaa kingine, aandike. Na mwenye waya wa namna ile, tafadhali aulete.