Kijana wa chuo, jina lako limeandikwa wapi?

Jumapili moja baada ya Misa ya pili msichana mmoja alinisubiri mlangoni mwa sakristia. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kilicho karibu na parokia yetu. Kwao ni mbali, safari ya usiku kucha kwa basi. Nilidhani anataka kuungama, au kuombewa mitihani. Akaniuliza, "Padri, nijisajili kupiga kura hapa chuoni au nyumbani?"

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu wa kwao anayewania kiti, na ameahidi kutuma basi. Wanafunzi wote wa eneo hilo wachukuliwe, wakajisajili nyumbani, na kila mmoja apewe kitu kidogo cha chai.

Sikumjibu upesi. Swali lake lina pande mbili, na nataka tulitazame pamoja leo, maana najua katika familia nyingi zinazosoma ukurasa huu yupo kijana wa chuo ambaye hajajisajili.

Tuanze na sheria. Katiba yetu, kifungu cha 83, inasema mpiga kura husajiliwa katika kituo kimoja tu. Ukishasajiliwa, picha na alama za vidole vyako zinahifadhiwa, na siku ya uchaguzi utapigia kura pale pale. Ukitaka kubadilisha, lazima uombe kuhamishwa kabla daftari halijafungwa. Uchaguzi mkuu wetu huwa Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Ujao ni Agosti 10, 2027. Kwa hiyo mwanafunzi ajiulize: siku hiyo nitakuwa wapi? Aliyejisajili chuoni halafu akawa likizoni kwao bila nauli ya kurudi, jina lake litabaki daftarini na kura yake haitakuwepo. Hali kadhalika aliyejisajili nyumbani, naye siku hiyo yuko mjini kwenye kibarua.

Upande wa pili ni wa dhamiri. Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishwa Babeli. Walikuwa wageni pale, mioyo yao iko Yerusalemu. Lakini aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie mema mji ule walimopelekwa na kuuombea kwa Bwana, kwa kuwa amani ya mji ule ndiyo itakayokuwa amani yao. Mwanafunzi anayekaa miaka minne katika mji wa chuo ni jirani wa watu wa pale. Taa za barabara anayopita usiku akitoka maktaba, maji ya hosteli, zahanati anakokimbilia akiugua: haya ni mambo ya kaunti, na yanaamuliwa na gavana na wawakilishi wadi wa pale. Ana haki ya kusema neno.

Wala simlaumu anayechagua nyumbani. Huko yuko bibi yake anayesubiri dawa hospitalini, na wadogo zake wanaokalia sakafu ya chekechea. Hao nao ni jirani zake. Bwana hakutuwekea kipimo cha kilomita katika kumpenda jirani.

Nisichoweza kukibariki ni lile basi. Anayekulipia nauli na chai ili jina lako likae katika kituo anachokitaka yeye amekwisha kununua sehemu ya kura yako kabla hata karatasi hazijachapishwa. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu kwa sababu alikuwa na njaa siku ile. Najua njaa ya wanafunzi. Najua mkopo unavyochelewa. Lakini njaa ya siku moja isikuondolee uhuru wa miaka mitano.

Vijana wengine wataniambia, "Padri, kura yangu itabadilisha nini?" Sitawadharau. Juni 2024 mlijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na Rais akakataa kuutia sahihi. Baadhi ya wenzenu hawakurudi nyumbani, na mama zao wangali wanalia. Mmeona pia kura zikizozaniwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais. Kuchoka kwenu kuna sababu.

Lakini tazameni upande wa pili. Mwishoni mwa 2021 tume ya uchaguzi ililenga kusajili wapiga kura wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja, ikapata kama milioni 1.5. Katika daftari la 2022, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017, ingawa nchi imejaa vijana. Aliye daftarini akidhulumiwa kura yake anaweza kudai. Asiye daftarini hana cha kudai, na wanasiasa wanalijua hilo vizuri sana.

Niruhusu nikiri kosa langu. Mwaka 1992 nilikuwa mseminari. Nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu nizaliwe. Wakati wa kuandikisha ulipofika nilikuwa seminarini na vitabu vyangu vya falsafa, nikajiambia siasa si kazi ya mtu wa Mungu. Desemba 29 nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Mama alitoka alfajiri kwenda foleni. Alikuwa amepitia uchaguzi wa mlolongo wa 1988, watu wakijipanga hadharani nyuma ya picha za wagombea, na sasa alitaka kupiga kura ya siri. Mchana nilimpelekea chai na viazi vitamu. Akaniuliza mbele za watu, "Na wewe msomi wetu, kadi yako iko wapi?" Sikuwa na jibu. Mama yangu, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alipiga kura, na mimi niliyesomeshwa kwa jasho lake nilikuwa mbeba chai.

Baadaye nilisoma kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano unawakumbusha raia wote haki na wajibu wao wa kupiga kura kwa uhuru kwa ajili ya manufaa ya wote, na kwamba Katekisimu inauweka wajibu huo pamoja na kulipa kodi. Nilipaswa kuyajua hayo kutoka kwa mama.

Basi, mzazi, ukimpigia simu mwanao wiki hii, baada ya kumuuliza kama amekula, muulize kama amejisajili. Kama hana kitambulisho, msaidie kufuatilia. Usimchagulie mgombea. Nanyi mapadri wenzangu na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, tutangaze siku na vituo vya kujisajili kama tunavyotangaza ndoa, bila kutaja jina la mwanasiasa yeyote.

Msichana yule nilimwambia maneno mawili: achague mahali ambapo atakuwepo siku ya kura, na aende kwa miguu yake au kwa nauli yake. Majuma mawili baadaye alinipungia mkono nje ya kanisa, akacheka, akasema, "Padri, tayari." Sikumuuliza ni wapi.