Shahada ya Tiba kwa Vitendo: Mwanafunzi Atarajie Nini?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotoka, hunijia vijana wawili watatu kutaka ushauri, wengine wakifuatana na wazazi au walimu wao. Shida yao huwa moja: alama hazikutosha kuingia udaktari, nao wangali wanatamani kufanya kazi hospitalini. Baadhi yao hutaja tiba kwa vitendo, na kuongeza kuwa wamesikia Marekani fani hiyo husomwa hadi shahada ya uzamili, hata uzamivu. Mimi ni mwalimu wa fiziolojia, si mtaalamu wa fani hiyo. Hata hivyo, nilipokuwa nikisomea uzamivu huko Marekani nilipangiwa kusaidia katika maabara ya anatomia iliyotumiwa na wanafunzi wake wa uzamili. Niliyoyaona huko, na yaliyonipata niliporudi nyumbani, yamenipa maoni ambayo napenda kuwaeleza walimu na wanafunzi wa sekondari.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Tiba kwa vitendo ni elimu ya kumsaidia mtu aliyepatwa na maradhi, ajali au ulemavu ili aweze kufanya tena shughuli zinazoijaza siku yake: kuvaa, kula, kuoga, kupika, kuandika, kulima. Daktari huutafuta ugonjwa na kuutibu. Mtaalamu wa tiba ya viungo hushughulikia zaidi misuli, maungo na mwendo. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huuliza: mtu huyu alikuwa akifanya nini tangu kuamka hadi kulala, na sasa ni lipi limemshinda? Baada ya hapo humfunza mgonjwa, hubadili chombo anachokitumia, au hupanga upya mahali anapofanyia shughuli yake.

Fani hii haina umri mkubwa. Chama chake cha kwanza huko Marekani kiliundwa mwezi Machi 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York. Miongoni mwa waasisi alikuwamo daktari wa magonjwa ya akili, William Rush Dunton, na mtumishi wa ustawi wa jamii, Eleanor Clarke Slagle. George Edward Barton, aliyewaita wenzake wakutane, alikuwa msanifu majengo ambaye mwenyewe alikuwa amepoozwa upande mmoja wa mwili. Shirikisho la dunia la wataalamu hawa lilianzishwa mwaka 1952.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Tangu mwaka 2007, anayetaka kuingia katika kazi hii huko Marekani hana budi kuwa na shahada iliyo juu ya ile ya kwanza. Huanza kwa shahada ya kwanza ya fani yoyote, mradi awe amesoma masomo ya msingi kama vile anatomia, fiziolojia, saikolojia na takwimu. Vyuo vingi humtaka pia awe amekaa saa kadhaa akiwatazama wataalamu wakiwa kazini. Uzamili huchukua miaka miwili hivi au zaidi kidogo. Ndani ya muda huo mwanafunzi hutumikia mazoezini kwa majuma yasiyopungua 24, kutwa nzima, chini ya usimamizi. Mwenye kuchukua uzamivu huongeza majuma 14 ya kazi maalumu. Baada ya kuhitimu hufanya mtihani wa taifa, ndipo aombe leseni katika jimbo analotaka kufanyia kazi. Ada ni kubwa, na wanafunzi wengi huilipa kwa mikopo.

Kijana asidhani kuwa masomo yenyewe ni mepesi. Mkono wa mwanadamu, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na wanafunzi wale waliijua yote kwa jina. Lakini mwalimu wao hakuridhika na majina. Aliwaonyesha mshipa wa fahamu upitao katikati ya kifundo cha mkono, kisha akauliza: mshipa huu ukikatika, mtu huyu atavaaje shati? Jibu lilitaka fikira. Kidole gumba hakitaweza kukabiliana na vidole vingine. Aidha, ngozi ya kidole gumba na ya shahada itapoteza hisi, hivyo mtu hatakijua kifungo alichokishika mpaka akitazame. Kufunga kifungo, jambo tulifanyalo bila kuwaza, kulichambuliwa hatua kwa hatua kwa muda wa saa nzima. Hicho ndicho kiini cha shahada hii: kulichukua tendo dogo la kila siku na kulichunguza kwa makini kama mkemia achunguzavyo mchanganyiko wake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaoiona fani hii kuwa mlango wa nyuma wa walioukosa udaktari. Kijana aiendeaye kwa kinyongo ataikinai upesi, kwani haina sifa za chumba cha upasuaji. Mafanikio yake huonekana siku mgonjwa anapoinua kijiko mwenyewe. Asiyeona utukufu katika kijiko hicho atafute kazi nyingine.

Vilevile sikubaliani na wanaopima utaalamu kwa urefu wa jina la shahada. Mwaka 2017 lilitolewa agizo huko Marekani kwamba ifikapo 2027 kila aingiaye katika fani hii awe na uzamivu. Mabishano yakawa makali, utekelezaji ukasimamishwa, na mwaka 2019 ikathibitishwa kuwa milango yote miwili, uzamili na uzamivu, itabaki wazi. Huko Uingereza shahada ya kwanza yatosha. Jambo ambalo shirikisho la dunia hulisisitiza kwa kila chuo ni saa zisizopungua 1,000 za mazoezi mbele ya wagonjwa.

Jambo la mwisho nilifunzwa nyumbani. Shangazi yangu, aliyekuwa akiuza vitumbua, alipatwa na kiharusi. Hospitali aliyolazwa, ambayo sitaitaja, ilimpa dawa na mazoezi ya kunyosha mkono, kisha ikamruhusu. Miezi ikapita, naye akawa mtu wa kukaa barazani tu. Mimi, pamoja na uzamivu wangu, sikuwa na la kumwambia. Ndipo akaja kijana mmoja mwenye stashahada aliyoipata Moshi, katika hospitali ya KCMC. Akaamkia, akaketi mkekani, akasema: "Mama, hebu nisimulie asubuhi yako ilivyokuwa kabla hujaugua." Shangazi akamjibu: "Mwanangu, asubuhi yangu ilikuwa nazi."

Kijana akaitazama mbuzi. Aliona kuwa kikao chake cha chini ndicho kilichomshinda mgonjwa. Akamwomba seremala akipigilie kile chuma cha meno kwenye benchi lenye kimo cha kiti. Kisha akamfunza shangazi kukishika kizio cha nazi kwa mikono yote miwili, ule mzima ukiuongoza ule dhaifu. Kwa njia hiyo kukuna nazi kukawa ndiyo tiba yenyewe. Vitumbua vilirudi, vichache kuliko zamani, lakini vilirudi.

Nilikumbuka maabara ile ya ng'ambo. Jikoni mwa mazoezi mlikuwa na jiko la umeme, na bafuni mlikuwa na hodhi la kuogea. Havikuwa na kosa, maana ndivyo vilivyomo katika nyumba za huko. Lakini mbuzi, jembe, kisima na mkeka havikuwamo, wala hatuna haki ya kuwadai wageni watufundishe hayo. Kwa hiyo kijana aendaye kuisomea shahada hii atarajie kufundishwa namna ya kuchunguza tendo. Asitarajie kuambiwa ni matendo yapi yenye thamani kwa watu wake. Hayo ayabebe mwenyewe tangu nyumbani, na ayarudie.

Walimu wenzangu, kabla hamjamshauri mwanafunzi, mpeni jaribio hili. Mwambieni afue shati kwa mkono mmoja, kisha aandike kila hatua iliyomshinda na sababu yake. Akirudi na mistari miwili, fani hii huenda si yake. Akirudi na kurasa tatu na swali juu ya namna ya kukamua, msimzuie.