Jina Kwanza, Nembo Baadaye

Jumamosi nilimpeleka mama kula Edgware Road. Chai imekuja, nikafungua kompyuta nimwonyeshe kazi yangu. Kwenye mfuniko nimebandika stika ya Nyege Nyege Tapes. Mama akaisoma. Akaisoma tena.

"Mwanangu, hii unatembea nayo mbele za watu?"

Jamani! Nikajitetea: ni lebo ya muziki ya Kampala, na kwa Kiganda maana yake ni ile hamu ya kucheza inayokujia ghafla.

"Kwani mie Mganda?"

Nikamwambia wana na lebo dada, Hakuna Kulala. Hiyo akaipitisha.

Basi, kazi yenyewe. Marafiki zangu wanaanzisha lebo ndogo ya singeli hapa London, wameniomba niwatengenezee nembo, rangi na majalada. Singeli ni ule muziki wa uswahilini Dar, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Wengi wetu huku tuliujua kupitia Sounds of Sisso, albamu ya mwaka 2017 kutoka studio ya Mburahati, iliyotolewa na haohao Nyege Nyege Tapes.

Nilishachora kila kitu. Jina nilichagua PEPO, kwa sababu herufi nne zile zinakaa vizuri kwenye duara la santuri.

Mama akaniuliza, "Pepo ipi? Ya kwenda ukifa na amali njema, au ya kupungwa?"

Sikuwa na jibu. Sikujua hata kama ziko mbili.

Nikaangalia nje. Mabango ya Kiarabu barabara nzima. Kwangu mimi ni mapambo tu, mistari mizuri. Mama alisoma chuoni, yeye anaona bei ya kuku. Nikagundua Kiswahili changu mwenyewe nilikuwa nakitazama hivyohivyo, kama pambo.

"Kanga ina pindo, ina mji, ina jina," akasema. "Rangi itakuvuta dukani, lakini hununui mpaka usome jina. Utavaa matusi bila kujua?"

Niliporudi kwa wenzangu wakasema, "Nani London atajua?" Mama atajua. Na wewe unayesoma hapa, pengine.

Nimewaandikia: nembo iko tayari, jina bado. Tangu jana mama ameshanitumia majina matatu kwa sauti WhatsApp. Moja halichapishiki.