Mwanamuziki na Ulingo

Wapo waonao kuwa si staha mwimbaji kujitia katika mambo ya ngumi. Sisi hatuoni hivyo. Akusanyaye watu kwa wimbo aweza pia kuwakusanya kwa masumbwi. La kuangalia ni nani atakayebeba hasara mambo yakienda kombo.

Mfano mkubwa ulitokea kwa majirani zetu wa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1974. Lloyd Price, mwimbaji wa Marekani aliyevuma tangu 1952, alifahamiana na Muhammad Ali bondia huyo angali kijana mjini Louisville, na ndiye aliyemkutanisha na Don King. Naye Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, alishirikiana na Stewart Levine kuandaa tamasha la siku 3 mjini Kinshasa, liwe utangulizi wa pambano la Ali na George Foreman. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5.

Yaliyofuata yawahusu hasa maofisa wetu wa utamaduni. Foreman alipasuka juu ya jicho akiwa mazoezini, na pambano likasogezwa hadi Oktoba 30. Muziki haukungoja. Franco, Tabu Ley, Miriam Makeba na James Brown walitumbuiza Septemba 22 hadi 24, lakini wageni waliotazamiwa kutoka ng'ambo hawakufika. Hata filamu iliyopigwa ilikwama kwa migogoro ya fedha, ikaonyeshwa mwaka 1996, yaani baada ya miaka 22! Ali alishinda raundi ya 8, na hilo ndilo wengi wanalolikumbuka.

Mkoa wa Mara nao una kumbukumbu yake. Februari 1980 Ali alikuja Dar es Salaam akitumwa na Rais Carter kutuomba tususie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu, mwana wa Butiama, hakukubali kumwona, ijapokuwa hapakuwa na bondia mashuhuri kumzidi. Tanzania ikaenda Moscow, na Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000.

Basi mwanamuziki akija Musoma au Bunda na ombi la kuchanganya muziki na ngumi, asifukuzwe. Lakini ndugu zetu wa visiwani ndio watakaoumia kwanza, maadam mkazi wa Rukuba hulipa nauli ya boti kabla hajalipa kiingilio, na akikuta pambano limeahirishwa hana pa kulala. Fedha za kurudisha viingilio na ziwekwe benki kabla kibali hakijatiwa sahihi, daktari wa ulingoni awe amekwisha kupatikana, na habari ya kuahirisha itangazwe redioni alfajiri, boti zingali ufukweni.