Kabla ya Kesha, Rudisha Kwanza

Wiki mbili kabla ya UE chuo hiki huwa kitakatifu ghafla. Watu ambao muhula mzima huwaoni ibadani wanafunga siku tatu kavu, na kesha linajaa mpaka wengine wanasimama nje madirishani. Sina ugomvi na kesha, mimi mwenyewe huwa nakwenda. Ninachouliza ni hiki: tukitoka pale alfajiri, macho mekundu na sauti zimekauka, ndani yetu kumebadilika nini?

Yesu alipowaambia wanafunzi wake wautafute kwanza ufalme wa Mungu, alikuwa anaongea na watu wenye hofu ya chakula na mavazi. Ni hofu kama zetu tu: boom limechelewa, kodi ya geto imefika, sapu inanukia. Lakini hakuwaambia kwamba ufalme ni njia ya mkato ya kupata hivyo vingine. Sisi tumegeuza. Tunautafuta ufalme ili tupate GPA, yaani tunamtuma Mungu dukani.

Msome Zakayo kwenye Luka 19, maana tumemzoea kama hadithi ya mtu mfupi aliyepanda mti. Hatuambiwi kwamba alilia wala kwamba alianguka chini. Alisimama akatoa hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamlipa mara nne. Sasa angalia Torati. Kitabu cha Hesabu kinamtaka mtu anayekiri dhuluma arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano, basi. Mara nne ilikuwa malipo ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Zakayo alijihukumu kama mwizi aliyekamatwa, wakati hakuna aliyemkamata. Hayo ndiyo mabadiliko ya ndani ninayoyaelewa: moyo umegeuka, na mfuko umejua.

Hata neno "mlokole", ambalo hapa chuoni tunalitumia kutaniana, lina historia hiyo. Limetoka kwenye Kiganda, Balokole, watu waliookolewa. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, alikofanya kazi Church, ukaenda Uganda, Kenya na huku kwetu upande wa Bukoba. Watu hao walijulikana kwa nini? Kwa kuungama hadharani na kurudisha vya watu. Mtu alikwenda kwa mwajiri wake na alichoiba mkononi. Mzungu aliomba msamaha kwa Mwafrika kwa kumdharau, jambo ambalo enzi za ukoloni halikuwa dogo. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa kwa sababu hawakukubali kuacha ibada yao ya alfajiri. Jamani, wenzetu walidisko kwa kuomba! Sisi tunaomba tusidisko.

Simaanishi kwamba uamsho ule ulimaliza kila kitu. Mwaka 1994, katika Rwanda hiyo hiyo, watu waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia, na baadhi ya wauaji walikuwa washarika wenzao. Wapo waliokataa kutenganishwa na ndugu zao wakafa nao. Lakini ukweli unabaki: nchi inaweza kujaa nyimbo na moyo ukabaki na orodha yake ya watu usiowataka. Ndiyo maana namwogopa mtu anayehesabu uamsho kwa idadi ya viti.

Turudi hapa kwetu. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikwenda kwa mhadhiri akaomba jina lake lifutwe kwenye kazi ya kikundi. Hakuandika hata mstari mmoja, wenzake walimwekea jina tu kwa huruma. Alipoteza maksi, na mwishowe alipata sapu ya somo lile. Kwamba watu wa hosteli walimcheka eti amejilipua, hilo nililitegemea. Kilichoniumiza ni maneno ya waombaji wenzetu: "Si ungetubu tu kwa Mungu, yeye anaangalia moyo?"

Sawa, anaangalia moyo. Lakini kauli hiyo tumeifanya pazia. Tunasema "moyo" pale tunapotaka mkono uachwe ulivyo. Aliyesaini mahudhurio ya rafiki yake, aliyeingia na nondo kwenye chumba cha mtihani, aliyekula hela ya kuprinti ya darasa, wote wanaambiwa watubu kimyakimya na Jumapili waongoze sifa. Na sisi wa ualimu tuna shida ya ziada. Mwezi wa saba tutakuwa BTP, tumesimama mbele ya kidato cha pili, tukimnyang'anya mtoto karatasi aliyonakili kwa jirani. Watoto wale wana pua kali, wanamnusa mwalimu anayekataza asichokiacha.

Basi napendekeza kitu kimoja kwa viongozi wa felo zote, na nisikike vizuri, sisemi kesha lifutwe. Mathayo 5 inasema ukifika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, sadaka iache hapo hapo, uende ukapatane naye kwanza. Safari hii kesha litangazwe saa tatu usiku, lakini milango ifunguliwe saa moja. Yale masaa mawili yasiwe na kwaya wala mhubiri. Mtu mwenye deni la mtu aende akalilipe, chumba kwa chumba, bloku kwa bloku. Mwenye jambo na mhadhiri amwandikie usiku ule ule. Saa tatu wanaorudi waingie tuanze kuomba, hata tukiwa kumi na wawili.