FOLENI YA TUNDUMA SI AMRI YA MUNGU



Nina dukuduku langu juu ya foleni ya malori hapa Tunduma. Najua yamekwisha andikwa mengi juu ya jambo hili, lakini mengi huandikwa na watu wanaopita. Mimi ni mkazi. Nina mashine ya kukoboa na kusaga mahindi, na kabla ya hapo nilikuwa utingo kwa miaka mingi. Kwa hiyo foleni hii nimeijua nikiwa ndani yake, na sasa naijua nikiwa nje yake.

Nianze na lililonipata. Msimu uliopita beringi ya mashine yangu ilikufa. Nilipiga simu Dar es Salaam, na siku ile ile beringi mpya ikapakiwa kwenye lori la mizigo mchanganyiko. Lori hilo lilitembea zaidi ya kilometa 900 kwa siku mbili. Kisha likasimama siku tatu pale Mpemba, mahali ambapo mtu wa Tunduma anaweza kufika kwa baiskeli. Siku ya tatu nilikodi bodaboda, nikapanda juu ya lori na kuishusha beringi yangu mwenyewe. La kustaajabisha ni kwamba dereva yule hakuwa anakwenda Zambia. Mzigo wake wote ulikuwa wa hapa hapa Tunduma. Alikwama kwa sababu waliomtangulia walikuwa wanakwenda Zambia na Kongo, na njia ni moja.

Katika siku hizo vijana wangu wanne walikaa bila kazi. Wakulima waliotoka Momba walilala uani kwangu juu ya magunia yao, na mama mmoja aliamua kuuza mahindi yake kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa ili apate nauli ya kurudi kwake. Hasara ya mama huyo haimo katika hesabu ya ofisi yoyote. Tukizungumza habari za foleni huwa tunahesabu hasara ya mwenye lori na ya mwenye shaba. Hatuhesabu ya mwenye debe mbili za mahindi.

Wako watakaosema kwamba foleni ni dalili ya biashara kukua. Hilo ni kweli nusu. Shaba ya Zambia na ya Katanga hupita hapa kwenda bandarini, na mafuta, mbolea na vifaa vya migodi hupita kwenda huko. Lakini duka lenye wateja wengi hufungua madirisha zaidi. Halijisifu kwa urefu wa mstari.

Tena, nchi zetu mbili zimewahi kutatua tatizo kubwa kuliko hili. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilijikuta haina njia ya uhakika ya kupitishia mafuta na shaba yake. Malori yalipita katika barabara ya vumbi na matope, na madereva wengi walipoteza maisha. Hatukusema basi, ndivyo ilivyo. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kusukuma mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Barabara ikatiwa lami. Kwa msaada wa China, reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860 ikajengwa, ikafika hapa Tunduma mwaka 1973 na kukamilika mwaka 1975.

Katika miaka yetu pia kazi imefanyika. Tarehe 5 Oktoba, 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu walizindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde. Maana ya kituo hicho ni kwamba gari lisikaguliwe mara mbili. Linaloingia Zambia limalizane na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Nakonde, na linaloingia kwetu limalizane nao Tunduma. Ni jambo jema sana. Lakini paa moja haliwezi kuharakisha karatasi ambayo bado haijaandikwa. Nilipokuwa utingo tulifika mpakani mara nyingi huku mwenye mzigo hajalipa ushuru, au wakala wake hajakamilisha hati, na sisi tukageuza lori kuwa ghala na nyumba ya kulala. Madereva wa leo wananiambia habari ni ile ile.

Kuna na hatari nyingine ambayo tunaicheza. Katika foleni hiyo matenki ya petroli husimama bega kwa bega na nyumba, vibanda vya chipsi na majiko ya mkaa. Tarehe 10 Agosti, 2019, pale Msamvu, Morogoro, tenki moja tu lilipinduka na kuwaka moto, na watu zaidi ya 100 wakafa. Hapa kwetu hayasimami moja moja.

Sasa natoa maoni yangu. Kwanza, lori lisiondoke Dar es Salaam kuja mpakani kabla hati zake hazijakamilika na ushuru wa nchi ya pili haujalipwa. Siku mbili za safari zinatosha kwa maofisa kuzipitia hati hizo, ili gari likifika liwe la kukaguliwa na kuruhusiwa tu.

Pili, yatengwe maegesho makubwa nje ya mji kwa magari ambayo mambo yake hayajawa tayari, na kila gari lipewe namba na kuitwa zamu yake ikifika, kama tunavyoitwa hospitalini. Matenki yawe na maegesho yake, mbali na makazi ya watu.

Tatu, magari ya mizigo ya ndani na mabasi yapewe njia yao. Mtu anayeleta sabuni Tunduma hana sababu ya kungoja muhuri wa Zambia.

Nne, na hili ndilo kubwa, mizigo mizito irudi relini. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake lisizidi tani 56. Treni moja hubeba mzigo wa malori mengi, na tena hupita hapa hapa Tunduma. TAZARA ilijengwa ili iweze kubeba mzigo mkubwa kila mwaka, na kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitiliana sahihi mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina, CCECC, wa kuifufua reli hiyo. Tunashukuru. Lakini mataruma na injini peke yake havitoshi. Mwenye shaba ataicha barabara siku atakapoahidiwa tarehe ya kufika na tarehe hiyo ikatimizwa. Tusisahau kwamba Angola nao wanaifufua reli ya Lobito, na mzigo hauna uzalendo. Hufuata njia isiyouchelewesha.

Tano, sisi wenye mashine na viwanda vidogo tujilaumu pia. Beringi ile ilikuwa inalia wiki nzima kabla haijafa, nami nikaipuuza. Tangu siku ile naweka rafuni beringi mbili na mkanda mmoja wa akiba, na nimeandika daftari la lini kila kipuri kilifungwa. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya siku moja ya kusimama. Wenzangu wa Vwawa na Mlowo wafanye hivyo pia.

Najua wako ndugu zangu hapa Tunduma ambao barua hii haitawafurahisha. Mama lishe, wenye nyumba za kulala wageni na wauza maji wanaishi kwa foleni. Siwabezi, mimi mwenyewe nimekula kwao kwa mkopo. Lakini yakipatikana maegesho ya maana, watauza humo wakiwa na choo, taa na usalama. Na mji ambao barabara zake zinapitika utawapa wateja wanaokuja kwa hiari, si wafungwa wa foleni.

Mwisho, nawaomba wahusika wa nchi zote mbili wabandike ubaoni kila asubuhi idadi ya magari yaliyovuka jana na yaliyobaki. Ni kazi ya kipande cha chaki. Idadi ikishuka tutawapongeza, na ikipanda tutajua pa kuuliza.

Mwenye Mashine,
TUNDUMA, Songwe.